Ufagio wa Hekalu la Sikio

Kabla ya mahekalu, kabla ya treni na jangwa, msomaji aujue kwanza mkono wa kushoto wa Nakiete. Kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko ulikuwa na kovu la kuungua, limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Alilipata akiwa na miaka sita. Kijijini kwao, juu Mamba katika milima ya Upare, kila mtu alikijua kisa chake: mtoto alikuwa anakimbiakimbia jikoni, akamgonga mama yake ambaye ndiyo kwanza ameepua sufuria ya makande ya mahindi na maharage, makande yakammwagikia. Ndivyo Namkunda, mama yake, alivyosema siku ile, na ndivyo watu walivyosema baada yake kwa miaka mitano.

Haikuwa kweli. Na mtu pekee aliyejua kuwa si kweli, kwa hesabu za Namkunda, alikuwa Namkunda.

Hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama wa kuogopa, na hao ni wengi kuliko wabaya. Mtoto akikohoa mara mbili, yeye hakulala. Kwa hiyo kikundi cha kina mama wa tangawizi kiliposhinda maonyesho ya kilimo ya kanda, na zawadi ikawa watu watatu wapande treni ya umeme, hii inayotoka Dodoma ikakata Kampala na Juba mpaka Aswani kwa siku mbili, wakatembezwe mahekalu ya Misri, Namkunda alikubali kwenda kwa sharti moja: Nakiete aende naye. Mwenyekiti wao, Bibi Niendiwe, alikuwa ameshajichagua mwenyewe bila kuona haya, hivyo hakuwa na mdomo wa kubisha. Mchungaji aliwauliza Wasabato wanakwenda kutafuta nini kwa Farao. Bibi Niendiwe akamjibu kwamba wanakwenda kuhakikisha kama kweli alishindwa.

Namkunda alifungasha kama mtu anayehama. Alibeba kapu lenye dawa ya tumbo aina tatu, ndizi za kuchemsha, tangawizi ya unga, na kipande cha kanga cha kumfunga mtoto mkononi kila wakifika stesheni. Nakiete alikwenda mpaka Misri amefungwa kama mbuzi wa mnadani, wala hakulalamika, maana alimjua mama yake. Na asubuhi ya kuondoka hakuna aliyefagia nyumba. Kwao mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka wasikie amefika, nyayo zake zisije zikafutwa akakosa njia ya kurudia. Jambo hilo likumbukwe. Namkunda alilikumbuka pia, ila hakulifuata.

*

Kiongozi wao aliitwa Fathi, Mnubi wa Aswani, mrefu na mwembamba, aliyejifunza Kiswahili chuoni Dodoma. Alikijua vizuri, isipokuwa salamu. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata Nakiete. Siku ya kwanza mtoto alimtazama mama yake, hajui aitikie au akimbie. Bibi Niendiwe akamwambia aitikie tu, nafasi kama hiyo nyumbani hataipata.

Kila mgeni alipewa miwani. Ukiivaa na kuitazama nguzo, rangi zake za zamani zinairudia: buluu, nyekundu, njano kama kiini cha yai, na ndege na nyoka waliochongwa wanaonekana wamepakwa jana. Ukiivua, nguzo inarudi kuwa rangi ya vumbi. Namkunda alimruhusu Nakiete kuvaa robo saa tu kila hekalu, kwa ajili ya macho. Fathi alimweleza kwamba miwani haina madhara. Namkunda akamjibu kwamba hata yeye asingemwambia mgeni wake kama ina madhara. Fathi alicheka mpaka akavua kofia.

Katika hekalu la kwanza kulikuwa na ngazi za kushukia kwenye chumba cha chini, na hapo Fathi alisikia kwa mara ya kwanza kile ambacho Mamba nzima ilikizoea. Nakiete aliposhuka, kila ngazi aliipa jina, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu mayai. Kona ya viazi. Kona ya magimbi. Kona ya maharage. Kona ya ndizi. Kona ya mihogo. Kona ya maboga. Ngazi ya saba aliipita kimya, amefumba midomo. Kisha kona ya miwa, kona ya maparachichi, basi. Ngazi zikizidi tisa, alianza upya.

Fathi akauliza ni wimbo gani. Nakiete akamweleza, huku akiwa amechangamka kama kawaida yake akizungumzia jambo hilo. Siku alipoungua, mvua ilikuwa imekata barabara, gari haliwezi kushuka. Baba yake, Senkondo, akamfunga mgongoni kwa shuka, akamshusha mlima kwa miguu mpaka zahanati ya chini, saa tatu nzima kwenye mvua, jani la mgomba limewafunika vichwa. Ili asisikie maumivu, kila kona ya njia baba aliipa jina la chakula, akimuuliza angekula nini pale. Kona zilikuwa tisa.

"Mbona umetaja nane?" Fathi akauliza.

"Ya saba haina jina," Nakiete akasema, akamkimbilia Bibi Niendiwe.

Senkondo alikufa mwaka uliofuata, mti ulimwangukia akipasua mbao. Nakiete alikuwa na miaka saba. Sura ya baba yake alikuwa nayo kwenye picha, lakini sauti yake, harufu ya jasho lake na shati lililoloa, mgongo wake unavyopanda na kushuka, vyote hivyo alikuwa navyo katika siku ile moja tu. Namkunda alilijua hilo. Alilijua kama mtu anavyojua kuna nguzo katikati ya nyumba yake, akaacha kuitazama.

*

Hekalu la tatu lilikuwa dogo, ng'ambo ya mto, mahali jua linapozamia. Wenyeji waliliita la Sikio, kwa sababu ukuta wake wa nyuma ulichongwa sikio la mtu, kubwa kama ungo. Fathi aliwakalisha kivulini akawaeleza. Zamani mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuingia ndani. Mwenye shida alizunguka nyuma akamnong'oneza mungu kwenye sikio hilo, akaenda zake. Ndani waliingia makuhani tu. Kila asubuhi kuhani alimwosha mungu wake, akamvika nguo, akamwekea chakula, na alipotoka alitoka kinyumenyume, akifagia nyayo zake mwenyewe, ili pabaki kama hapajakanyagwa.

Sasa, alisema, kuna watu wamelikodi hekalu na kuweka mtambo. Sikioni hunong'onezi shida, unataja siku, siku moja ya maisha yako usiyoitaka. Kisha unaingia ndani mpaka chumba cha mwisho, unapewa ufagio wa makuti, unatoka kinyumenyume ukifagia mchanga. Kwenye mpini kuna pete ya shaba. Pete hiyo inaitafuta siku iliyotajwa kichwani mwa anayeushika ufagio, na ukifika kizingitini siku imeshakunjwa na kutiwa kwenye mtungi. Unatoka bila hiyo.

Namkunda aliuliza kama haiwezekani kutoa saa moja tu ya siku. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka. Fathi akatikisa kichwa. Siku imesukwa kama mkeka, alisema, ukivuta ukindu mmoja mingine inafuata, kwa hiyo mtambo unachukua yote, tangu kuamka mpaka kulala. Na ni kwa watu wazima tu, mtoto asimame pembeni, asiguse.

Bibi Niendiwe alikwenda wa kwanza, akaitaja siku yake kwa sauti iliyowafikia wote. Alitoka anang'aa kama aliyeoga.

"Nimetupa siku gani?" akauliza.

"Hatukuambii," Namkunda akasema. "Ndiyo maana umeitupa."

"Basi lazima ilikuwa mbaya, maana najisikia msichana."

Magoti yake hayakuwa yamepata habari za usichana huo. Alijikwaa kwenye kifusi, na Fathi akamshika mkono kumpeleka kwenye kivuli cha lango. Hivyo ndivyo Namkunda na mwanawe walivyobaki peke yao na mlinzi wa ndani, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa fagio.

Namkunda alisimama mbele ya sikio la jiwe. Neno kufagia lilikuwa bado masikioni mwake. Aliikumbuka nyumba yake Mamba, isiyofagiwa siku ya safari. Kitu ndani yake kilimwambia aachane na jambo hilo, akakinyamazisha, asionekane mshamba. Alikuwa amechoka. Miaka mitano, kila akimwogesha mtoto, kila akimvisha gauni lisilo na mikono, lile kovu lilimtazama. Akaitaja siku: tarehe, mwezi, mwaka. Hakuifikiria kama siku ya watu watatu. Aliifikiria kama yake.

Ndani palikuwa na baridi. Mlinzi alimpa ufagio, akamwonyesha Nakiete ukuta wa kuegemea. Namkunda akainama, akaanza kurudi nyuma, shaa, shaa, mchanga ukijaza nyayo zake. Mgongo wake, uliozoea kupalilia tangawizi, ulilalamika baada ya hatua chache. Akajinyoosha, akashika kiuno.

Sasa, Nakiete alikuwa mtoto aliyelelewa. Upareni mtoto akikaa anamtazama mama yake ameinamia ufagio, atasemwa mpaka siku ya harusi yake. Namkunda mwenyewe ndiye aliyemfundisha, tangu anajifunza kutembea: mkubwa akishika kazi, ipokee. Alimfundisha kwa maneno, na mara moja moja kwa kofi.

"Lete nikupokee, mama," Nakiete akasema.

Mkono wake ulishafika kwenye mpini. Na mkono wa Namkunda ukaachia, kama ulivyoachia kila siku nyumbani, ndoo, jembe, kapu, bila kichwa kuulizwa. Mlinzi alikuwa amewapa mgongo, akihesabu fagio zake. Nakiete akafagia vizuri, kwa bidii ya mtoto anayetaka kusifiwa, mpaka kizingitini.

"Una joto huu," akasema, akauegemeza ukutani.

*

Nje jua lilikuwa kali. Namkunda alisimama akijisikiliza. Siku ile bado alikuwa nayo, yote, na sufuria yake. Akadhani labda inachelewa, kama dawa.

Mbele ya lango kulikuwa na ngazi tisa za kushukia kwenye boti. Nakiete alishuka zote akirukaruka, akasimama chini kumsubiri. Namkunda alikuwa ngazi ya nne alipogundua kwamba hajasikia kitu. Hakuna viazi, hakuna magimbi.

Akamwita, akamwambia apande ashuke tena. Nakiete akaona ni mchezo, akapanda, akashuka. Kimya.

"Kona ya viazi," akamwambia, polepole.

"Nini, mama?"

"Kona ya viazi, mwanangu. Kona ya magimbi."

Nakiete alimtazama kwa upole, kama wanavyotazamwa wazee wanaoanza kuchanganya mambo. Kisha akainua mkono wake wa kushoto kujikinga jua, macho yakaangukia kovu, akalipapasa kwa kidole.

"Hili nililipata wapi vile?" akauliza, na sauti yake haikuwa na uzito wowote.

*

Fathi alipoambiwa, weusi wa uso wake uligeuka kijivu. Alimuuliza mlinzi kwa Kiarabu, mlinzi akainua mikono, kisha akainamisha kichwa. Ufagio hauulizi nani amenong'ona, Fathi akawaeleza. Unajua siku, na unajua mkono. Umeitafuta siku ile kwenye kichwa cha mtoto, umeikuta, umeikunja. Ingekuwa siku ambayo mtoto hakuwepo, usingekuta kitu. Lakini alikuwepo.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mitungi ya siku hukaa chumba cha pembeni mpaka jua likigusa kilele cha ukuta wa magharibi. Baada ya hapo humwagwa yote pamoja, siku za watu mia moja zinachanganyika, na hakuna anayeweza kuzitenganisha tena. Kabla ya hapo siku inarudishwa, kwa njia moja tu. Mtu aliyekuwepo siku hiyo, na anayeikumbuka, aweke mkono wake juu ya mtungi na mwingine juu ya mtoto, amsimulie siku inavyoanza. Mtambo unalinganisha kinywa na kumbukumbu yake. Vikifanana, taa inawaka, na kichwa cha mtoto kinashika ncha ya ukindu, kinavuta chenyewe yote yaliyobaki, hata yale ambayo msimulizi hakuyaona.

"Na visipofanana?" Namkunda akauliza.

"Hakishiki kitu," Fathi akasema. "Hata ukikosea kwa nia nzuri, unaweza kurudia. Ila ukidanganya, mama yangu, utasimulia mpaka jua lizame."

Bibi Niendiwe alikuwa amekaa juu ya jiwe akipepea magoti. Kwa maoni yake, mtoto aachwe. Mtoto aliyesahau kuungua, alisema, ni mtoto aliyepona mara mbili, na ni mama gani anayemrudishia mwanawe moto? Yeye mwenyewe ametupa siku nzima na hana hata kidonda. Alisema kwa mapenzi, maana alimpenda Nakiete kama mjukuu. Na Namkunda alisikia kila neno, kwa sababu kila neno lilikuwa limeshasemwa ndani yake.

Msomaji asimhukumu upesi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Akikaa dakika chache, kile alichokiogopa miaka mitano kinakwisha, mtambo unamwagwa, na hakuna mtu duniani atakayekuwa na siku ile isipokuwa yeye. Asiposema, hajasema uongo. Mtoto anacheka. Mtoto yuko pale ukingoni, anarusha mawe mtoni na kuyahesabu yanavyoruka juu ya maji, mzima, mwepesi. Anachokikosa hakijui.

Namkunda alimtazama muda mrefu. Nakiete aliokota jiwe jingine, akageuka nyuma kidogo, kama mtu aliyetaka kumwonyesha mtu mwingine aliyesimama nyuma ya mama yake, kisha akasahau alikuwa anataka nini. Huenda lilikuwa jambo dogo tu, la mtoto. Lakini Namkunda akainuka.

Alimkalisha kwenye kizingiti cha chumba cha mitungi. Hakutaka kumtendea jambo kwa mara ya pili bila kumuuliza.

"Kuna siku moja imetoka kichwani mwako," akamwambia. "Imetoka kwa kosa langu. Ilikuwa na maumivu makali, na ilikuwa na baba yako. Haviachani. Unaitaka?"

Nakiete akafikiri.

"Baba alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa amekubeba."

"Basi naitaka."

*

Mtungi ulikuwa wa udongo, mdogo, na kwenye shingo yake palikuwa na taa ndogo kama punje ya mtama. Namkunda akaweka kiganja. Mkono wake mwingine ulishika bega la mtoto, lile lenye kovu. Fathi na Bibi Niendiwe walisimama mlangoni.

Akaanza. Ilikuwa Jumapili, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, yeye alikuwa anapika makande. Taa ikapepesa. Senkondo alikuwa nje anaziba mfereji. Taa ikashika, nyekundu hafifu, na Nakiete akakunja uso kama anayesikia jina analolijua.

"Nikaepua sufuria," Namkunda akasema. "Na wewe ulikuwa unakimbiakimbia, ukaja ukanigonga."

Taa ikazima.

Maneno yalikuwa yametoka yenyewe. Yalishatoka mara nyingi mno, kwa muuguzi, kwa mchungaji, kwa mama mkwe, kwa Senkondo, mpaka yalijua njia. Fathi akatazama ukuta wa magharibi kupitia mlangoni. Jua lilibakiza upana wa vidole kama vinne kuugusa.

Bibi Niendiwe akamtazama Namkunda, akaitazama taa, akaelewa. Akamshika Fathi kwenye kiwiko, akamtoa nje, akavuta mlango. Kati ya mambo yote aliyofanya katika safari ile, hilo ndilo Namkunda analomshukuru mpaka leo.

"Hukukimbia," Namkunda akasema.

Taa ikapepesa.

"Ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako, nyuma yangu. Nilikuwa nimekwambia ukae, ukakaa. Simu nilikuwa nimeibana begani, nagombana na shangazi yako. Aliniambia sijui kulea. Nikaepua sufuria na hasira zangu, nikageuka bila kutazama, nikakumwagia. Wewe hukufanya kitu chochote, mwanangu. Ulikuwa umekaa tu." Taa ilikuwa inawaka sasa, nyekundu kabisa, na hakuthubutu kuitazama. "Nikasema umenigonga. Nilisema kwa sababu shangazi yako bado alikuwa kwenye simu, anasikia. Halafu nikashindwa kulirudisha. Baba yako akaingia mbio, akakuchukua. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni. Sikuja nanyi. Niliogopa kukutazama. Yaliyobaki siyajui. Ni yako."

Nakiete alilia. Ilikuwa lazima, maumivu yalikuwa mwanzoni mwa siku, hayana njia ya kuzungukwa. Alilia kilio cha mtoto wa miaka sita, akaushika mkono wake, na Namkunda akamkumbatia, akimwambia yamepita, yamepita, yalipita zamani. Kisha kilio kikapungua. Mwili wa Nakiete ukaanza kuyumba kidogo mikononi mwake, juu na chini, juu na chini, na Namkunda akashangaa, mpaka akaelewa kwamba mtoto amebebwa mgongoni mwa mtu anayeshuka mlima.

Namkunda hakuona alichokiona mtoto. Aliona tu uso wake umelala begani, macho yamefumbwa, na tabasamu linakuja mara moja, linaondoka, linakuja tena, kama mtu anayejibu maswali kuhusu chakula.

Taa ikazima yenyewe. Mtungi ulikuwa mtupu.

*

Walipotoka, jua lilikuwa limegusa ukuta. Mlinzi alikuwa anaanza kuibeba mitungi mingine. Bibi Niendiwe alimsimamisha, akamwambia Fathi amtafsirie: na yeye anataka wake. Fathi akamuuliza nani wa kumsimulia, aliyekuwepo siku hiyo. Bibi Niendiwe akamgeukia Namkunda.

"Ilikuwa siku gani, Mama Nakiete? Uliposema pale kwamba hamniambii, ulikuwa unaijua."

"Siku uliyoanguka uchaguzi wa kata, ukapata kura mbili."

"Mbili?" Bibi Niendiwe akasema. "Ya pili ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

Bibi akasimama akifikiri jambo hilo, huku mtungi wake ukipita mbele ya macho yake, ukamwagwa pamoja na mingine. Muda ulikuwa umekwisha. Alibaki na hesabu ile tu, kwa kuambiwa, na njia nzima ya kurudi alimshika Namkunda mkono bila kukumbuka kwa nini.

Kwenye ngazi tisa, Namkunda alimwacha Nakiete atangulie. Hakutoa kile kipande cha kanga. Alikuwa anasubiri neno lolote: lawama, swali, hata hasira. Angelipokea lolote. Nakiete alisimama juu, akashika gauni lake, akaanza kushuka taratibu.

"Kona ya viazi. Kona ya magimbi. Kona ya maharage. Kona ya ndizi. Kona ya mihogo. Kona ya maboga."

Kwenye ya saba akasimama. Namkunda naye akasimama nyuma yake.

"Kona ya makande," Nakiete akasema.

Kisha akageuka. Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayerudisha kitu alichopewa akitunze. Pale ndipo alipomwambia baba kwamba hakukimbia, alikuwa amekaa. Na baba akamwambia anajua. Alipoingia jikoni alikiona kigoda, kimeloa makande pembeni pote, na katikati kikavu, mviringo wa mtoto aliyekuwa amekaa.

"Alijua?" Namkunda akasema. "Baba yako alijua?"

"Akaniambia kona hii tuipite kimya. Akasema ina mwenyewe, na siku mwenyewe akiitaja, ndipo na mimi niitaje."

Chini Fathi alikuwa anafungua kamba ya boti, na Bibi Niendiwe anamwambia asiwaite, awaache. Nakiete akanyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea juu. Alimpokea mama yake kapu, kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha akampokea mkono.

"Bado miwa na maparachichi," akasema.

Wakashuka.